Pindo, Mji na Jina: Juu ya Mabango ya Maonyesho Rungwe

Bango la mchezo wa kuigiza lina kazi mbili, nazo mara nyingi hugombana. Ya kwanza ni kuutangaza mchezo wa juma hili. Ya pili ni kulitambulisha kundi linaouonyesha. Ikizidi ya kwanza, kundi hupoteza uso wake. Ikizidi ya pili, kila mchezo hufanana na mwenziwe.

Paula Scher aliikabili shida hiyo tangu mwaka 1994, alipolichorea mabango jumba la Public Theater la New York. Hakulipa picha moja ya kudumu, bali namna moja ya kupanga herufi, nene na nyembamba zikisongamana, ambayo ilikubali kila mchezo. Lakini sifa ikawa mtego: matangazo mengine ya mji yaliuiga mtindo huo, hata jumba lenyewe likawa halitofautiki vema.

Afrika ya Mashariki haina haja ya kwenda mbali kutafuta kanuni ya namna hii. Kanga imeishika zamani: pindo huizunguka, mji hukaa katikati, jina husema. Yote matatu hubadilika kila toleo, na bado hapana aliyepata kuidhania kanga kuwa nguo nyingine.

Labda atatokea wa kusema kwamba kanga ni vazi la pwani, na Rungwe ni nchi ya milima, migomba na chai. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lagusa umbo, si kanuni. Pindo la bango la Tukuyu lisichorwe korosho, bali mianzi, ambayo Wanyakyusa waliijengea nyumba zao. Katika mji iingie leo ngoma, kesho Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Na jina liseme Kinyakyusa au Kiswahili, kama mchezo utakavyo.

Faida yake si ya macho tu. Pindo laweza kuchapwa mara moja kwa wingi, kisha mji na jina vikachorwa kwa mkono kila mchezo, kwa gharama ndogo. Tena mvua za Rungwe hazina huruma kwa karatasi: michoro myembamba hufifia upesi, bali pindo nene lingali latambulika.

Kundi likiyaacha haya na kuvaa sura ya matangazo ya simu, mwenyeji wa Kiwira au Masoko atalipita bango akidhani anauziwa muda wa maongezi, na ukumbi utabaki mtupu.