Hongereni, Watu wa Dirisha la Dawa

Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi Tanzania mwaka 2001, kadi imewapunguzia wengi mzigo wa matibabu. Lakini kadi ikigoma, lawama humwangukia mfamasia wa duka la dawa. Mtandao umekatika, mwajiri amechelewesha michango, dawa haimo kwenye orodha: hakuna alilosababisha yeye. Hata hivyo hupiga simu, hukagua fomu, humweleza mzee taratibu kwa nini dawa hii inalipiwa na ile hailipiwi, kisha huwasiliana na daktari kuhusu dawa mbadala. Akikosea fomu, dai linaweza kukataliwa na hasara ikabaki dukani. Bima huahidi, ninyi ndio mnaotimiza. Hongereni sana.