Zege na Upepo wa Dodoma

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma huamka mapema, tena upepo mkavu. Ndiyo maana fundi anayemwaga zege la barabara ya mtaa hasubiri saa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi vibarua wake wameshalowesha udongo ulioshindiliwa pamoja na mbao za pembeni, bila kuacha madimbwi. Udongo mkavu ungefyonza maji ya zege kabla saruji haijayatumia.

Rundo la kokoto lilifunikwa turubai tangu jana, kwa kuwa kokoto zilizopigwa jua kutwa hutia joto kwenye mchanganyiko, na zege la moto hushika upesi. Kibarua akitaka kuongeza ndoo ya maji ili zege litiririke, fundi anatikisa kichwa tu. Maji ya ziada huacha vitundu yakishatoka.

Zege linamwagwa na kutetemeshwa kwa mashine hadi mapovu yaishe. Watu wawili wanaburuta ubao mnyoofu juu yake, wakiuyumbisha kushoto na kulia. Hiyo ni kazi ya misuli. Inayofuata ndiyo ninayoipenda: fundi hagusi kitu.

Anachuchumaa, macho kwenye zege. Maji yanapanda taratibu, uso unang'aa kama jicho la samaki. Akipitisha mwiko sasa, atayafungia maji hayo chini ya ngozi nyembamba itakayobanduka kwa matairi. Upepo nao ukiyanyakua upesi kuliko yanavyopanda, nyufa zitatokea zege likiwa bado bichi. Wapo wanaonyunyizia saruji kavu ili iyanywe. Barabara zao huchubuka mapema. Huyu anagusa kwa kidole, anangoja, anagusa tena. Mng'ao umefifia, kidole kimetoka bila maji. Mwiko wa mbao unaanza kuzunguka, halafu fagio linavutwa mara moja tu, ukingo hadi ukingo, likiacha michirizi ya kuzuia matairi yasiteleze siku za mvua.

Nailoni inatandikwa hapohapo na kubanwa kwa mawe. Jioni, zege likiwa gumu kiasi cha kutomeguka kingo, msumeno unakata mistari yenye kina cha robo ya unene wake wa sentimita 15, ili ufa ukija ufuate njia hiyo. Kisha yanakuja magunia ya katani yaliyoloweshwa.

Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji hukomaa kwa kujiunga na maji, na maji yakitoweka, ukomavu unasimama hapo ulipofika. Kwa hiyo kwa siku saba, Jumapili ikiwemo, kuna mtu wa kumwagilia magunia asubuhi, mchana na jioni, na upepo ukizidi anaongeza zamu. Hata hapo zege huwa limefikia kama theluthi mbili tu ya nguvu inayopimwa siku ya 28.

Basi ukikuta magunia mabichi yametandazwa barabarani, zunguka mtaa wa pili. Hata kama una bodaboda tu.