Deni Lililotundikwa Ukutani

Oscar Wilde alifariki dunia tarehe 30 Novemba 1900, akiwa na miaka 46, katika hoteli ya bei nafuu nambari 13, mtaa wa Beaux-Arts, Paris. Wakati huo iliitwa Hôtel d'Alsace. Leo inaitwa L'Hôtel, na ni ya kifahari. Chumba chenye jina lake kina tausi waliochorwa ukutani na barua zilizotiwa fremu. Mojawapo inamdai alipe deni lake la hoteli.

Sijalala humo. Nimekitazama kwenye simu, nikiwa chumbani kwangu Changanyikeni, ambako sijalipa kodi ya miezi miwili. Nilipoiona barua ile nilicheka, kisha nikaona haya. Mwenye nyumba wangu naye hunikumbusha kwa maandishi, ila ujumbe wake hakuna atakayeutundika.

Tausi siwalaumu. Mwaka 1882 Wilde alizunguka Marekani akitoa mihadhara, mmojawapo ukihusu upambaji wa nyumba, wangemfurahisha. Lakini aliyefikia hoteli hii si yule wa mihadhara. Alitoka gerezani mwaka 1897, baada ya miaka miwili ya kifungo na kazi ngumu, akawa anajiita Sebastian Melmoth. Chumba kimemrudishia manyoya yake na kumfichia aibu yake.

Hata hilo ningelisamehe. Kinachonikera ni barua. Ikiwa peke yake ukutani, inaugeuza ufukara wa mwandishi kuwa kichekesho cha mgeni mwenye uwezo wa kulipia usiku mmoja humo. Tena inamdhulumu mwenye hoteli wa enzi hizo, Jean Dupoirier, kwa kumfanya mdai tu. Mwandishi wa wasifu wa Wilde, Richard Ellmann, anasimulia kwamba Wilde alikuwa ameacha nguo zake katika hoteli nyingine, Marsollier, kwa sababu ya deni. Dupoirier ndiye aliyelilipa, akazikomboa, akampa chumba. Wilde alikufa akiwa bado anadaiwa naye.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema nani alipe. Historia ya jengo lile imo katika swali hilo, wala haimo katika rangi ya tausi. Kama ningeulizwa, barua ningeiacha palepale. Kando yake ningetundika fremu ya pili, hata kama ni tupu, mahali pa risiti ya Marsollier.