Rothko Alikosea Juu, Si Ukutani

Tuanze na dirisha, maana ndilo lililoharibu. Mark Rothko alikuwa na turubai 14, ukumbi wa pembe nane na wafadhili, John na Dominique de Menil, waliomsikiliza kwa kila neno. Bado akang'ang'ania kwamba kapela ya Houston ipate mwanga wake kutoka dirisha la paa, kama karakana yake ya New York. Wapenzi wake husema ni msimamo. Mimi nasema ni ukaidi.

Michoro yenyewe sina neno nayo: saba ya zambarau tupu, saba yenye mstatili mweusi juu ya damu ya mzee, na kingo zimepimwa kwa subira ya ajabu.

Sasa rudini juu. Katika karakana ile ya Mtaa wa 69, Rothko alijenga kuta kadhaa za kapela kwa ukubwa wake kamili, akatundika turubai kwa kapi ili azipandishe na kuzishusha mpaka jicho liridhike. Na chini ya dirisha la paa alitanda nini? Parachuti. Jua likizidi, kitambaa kinalichuja. Kwa hiyo ule mlingano wa rangi, ule ambao watu wanausafiria ili wakae kimya mbele yake, haukupatikana chini ya dirisha. Ulipatikana chini ya parachuti. Houston akaipelekea dirisha, kitambaa kikabaki New York.

Tena Houston si New York. Iko karibu na nyuzi 30 kaskazini, New York iko karibu na 41, na jua la Texas la mchana halibembelezi mtu. Kapela ilipofunguliwa mwaka 1971, Rothko alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma, hivyo hakuwepo wa kurekebisha. Mwanga ukaporomoka katikati ya sakafu, mboni za wageni zikabana, nao wakigeukia ukuta wanaona giza. Ile tofauti ya nyeusi inayong'aa na zambarau iliyofifia, ambayo ndiyo kazi yote, ikamezwa. Halafu mtu anatoka nje akisema, "Ni nyeusi tu." Nimechoka na sentensi hiyo, lakini wa kulaumiwa si mgeni.

Msanifu Philip Johnson simpendi, wanaonisoma wanajua. Piramidi refu alilotaka kusimamisha pale lingeigeuza michoro kuwa mapambo ya jengo, na Rothko alifanya vyema kulikataa. Johnson akajitoa mwaka 1967. Lakini kumshinda msanifu si sawa na kulishinda jua. Na Rothko hakuwa mgeni wa tatizo hili: michoro yake ya Harvard, iliyotundikwa mwaka 1964 kwenye chumba cha kulia chenye madirisha makubwa, ilipauka nyekundu yake hata ikashushwa mwaka 1979.

Matisse asingefanya hivi. Kapela ya Vence, iliyokamilika mwaka 1951, aliifikiria akiwa Vence kwenyewe na Nice jirani yake, chini ya jua lile lile. Akaanza na vioo, njano, kijani na buluu, kisha michoro myeusi juu ya vigae vyeupe ikapokea kilichopita. Mwanga kwake ulikuwa rangi ya kwanza kwenye kibao.

Houston walihangaika miaka mingi. Miaka ya 1970 wakaweka kitambaa, kisha kizuizi kikubwa kilichoning'inia kama mwavuli, kikatia kivuli kingine kisichotakiwa. Dirisha jipya lenye vipande vya kuchuja na kuelekeza mwanga kutani lilikuja na ukarabati uliokamilika mwaka 2020, miaka 49 baada ya ufunguzi.

Ukienda, chagua siku yenye mawingu. Usitazame juu unapoingia. Kaa kwenye benchi robo saa nzima kabla hujahukumu rangi yoyote.