Ufikivu au Ufikikaji? Uhakiki wa Istilahi za Usanifu kwa Wote

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tangu hapo vyuo vyetu vimepokea nyaraka nyingi zinazohimiza madarasa na masomo ambayo kila mwanafunzi ataweza kuyatumia. Nyaraka hizo zimekuja na msamiati mpya, na msamiati huo haujapata uhakiki wa kutosha. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi chache kati ya hizo. Tutachukua mifano yetu Same na katika Milima ya Upare, mahali ambapo suala la kufika au kutofika si la nadharia.

Dhana yenyewe

Msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, aliyetumia kiti cha magurudumu kwa sababu ya polio aliyoipata utotoni, ndiye aliyeipa dhana hii jina. Alitaka majengo na vyombo visanifiwe tangu mwanzo ili vitumiwe na watu wengi kadiri iwezekanavyo, bila kuhitaji marekebisho baadaye. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za usanifu huo. Msingi wake ni kwamba kasoro hutafutwa katika kitu kilichotengenezwa, haitafutwi kwa mtumiaji. Istilahi ya Kiswahili isiyobeba maana hiyo itakuwa imeacha kiini cha jambo.

Kwa sababu hiyo hatuoni faida ya kusema “usanifu wa ulimwengu”. Hapa hakuzungumzwi dunia, bali watu wote wanaotumia darasa moja. Tunaonelea kwamba “usanifu kwa wote” ni bora. Wapo watakaosema kwamba neno “usanifu” limekwisha kuzoeleka katika maana ya usanifishaji, kama tusemapo Kiswahili sanifu, yaani kipimo kimoja kwa kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, lakini “usanifu wa majengo” umekwisha kukubalika, na neno “kwa wote” linaondoa utata uliobaki.

Ufikivu na ufikikaji

Istilahi mbili zinashindania nafasi moja. Tuanze na “ufikivu”. Vivumishi vyenye kiishio cha -vu hutaja tabia au hali ya mhusika mwenyewe: msikivu ni mwenye kusikiliza, mvumilivu ni mwenye kuvumilia, mtulivu ni aliyetulia. Kwa kanuni hiyo, mfikivu angekuwa mtu mwenye kufika, wala si mahali panapoweza kufikiwa. Istilahi hii inamtazama msafiri na kuisahau njia.

“Ufikikaji” umetokana na kitenzi “kufikika”, na kitenzi hicho tayari kina maisha katika lugha ya kila siku. Mtu aliyeko Makanya au Same mjini akiambiwa wakati wa masika kwamba kijiji fulani cha milimani hakifikiki, haulizi habari za miguu ya msafiri. Anaelewa mara moja kwamba barabara imeharibika, na kwamba lawama ni ya barabara. Huo ndio mtazamo wa Mace, nao wazungumzaji wetu walikuwa nao kabla ya kuletewa mkataba wowote. Darasa lisilofikika ni sawa na kijiji kisichofikika: kinachopaswa kutengenezwa ni njia.

Baadhi ya watu hulalamika kwamba neno hili ni zito kutamkwa. Hatukubaliani nao. Tumezoea “upatikanaji”, ambao ni mrefu zaidi na umeundwa kwa njia inayokaribiana na hii.

Mteremko

Njia ya mshazari inayowekwa mahali pa ngazi huitwa “mteremko” katika maandishi mengi. Kwa mtu wa milimani neno hili lina upungufu ulio wazi. Mteremko ni wa anayeshuka. Anayetoka chini ana mpando. Mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu aliye mbele ya mlango wa darasa hana haja ya kushuka, anataka kupanda. Tunapendekeza “njia mwinamo”, kwa kuwa mwinamo hautaji upande wa safari.

Neno hili pia linaruhusu kutaja kipimo. Kipimo kinachotumika sana ni cha 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kwenda juu ihitaji sentimita 12 za urefu wa mlalo. Fundi akiambiwa “weka mteremko” aweza kumwaga zege kali ambalo hakuna mkono utakaolipanda. Akiambiwa mwinamo wa 1 kwa 12 hana pa kujitetea. Wapare, waliochimba mifereji ya kutoa maji katika ndiva na kuyafikisha mashambani, wanajua kwamba mwinamo ukizidi maji hukata udongo, na ukipungua maji hutuama. Kipimo ni sehemu ya maana.

Rafiki na maalumu

Maneno “mazingira rafiki” yameenea mno. Ubaya wake ni kwamba urafiki ni hiari: rafiki akikunyima hukushtaki. Sheria ya 2010 iliweka haki, na haki haiwezi kutafsiriwa kwa lugha ya fadhila. “Mahitaji maalumu” nayo yanamtenga mwanafunzi mmoja na kumfanya yeye ndiye tatizo, hali mlango mpana na maandishi makubwa ubaoni huwafaa wengi.

Kosa hilohilo limeingia katika vyombo vya mtandaoni. Katika simu za Android zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, sehemu inayohusu ufikikaji imewahi kuitwa zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia. Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, limemwacha mwenye ulemavu wa mikono, ambaye zana hizo zimetengenezwa kwa ajili yake pia. Pili, limeliweka tatizo kwa mtu, na kuliondoa katika chombo.

Aidha, tusidhani kwamba njia mwinamo inamaliza kazi. Mwanafunzi kiziwi aliyetoka katika shule ya viziwi ya Mwanga, upande wa kaskazini wa milima hiyohiyo, ataingia darasani bila kizuizi, kisha asipate somo. Kwake somo litafikika kwa mkalimani wa lugha ya alama, na kwa maandishi yanayoandamana na maneno katika somo la video. Kwa asiyeona, picha iliyowekwa mtandaoni haifikiki bila maelezo ya picha ambayo kisoma skrini kitayatamka. Istilahi “ufikikaji” inatosha kwa hali zote hizi. “Mteremko” na “rafiki” haziwezi.

Mfano wa kuigwa

Hatuna haja ya kukata tamaa, kwani Kiswahili kimekwisha kufaulu katika uwanja huu. “Nukta nundu” ni istilahi inayoeleza maandishi yenyewe: nukta zilizotuna, ambazo kidole huzitambua. Haimtaji asiyeona wala haimhurumii. Hali kadhalika, neno “viziwi” limebaki katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania kwa sababu wenyewe wanalitumia. Hapa kuna funzo kwa waundaji wa istilahi: wanaohusika waulizwe kwanza.

Tunapendekeza basi “usanifu kwa wote”, “ufikikaji” na “njia mwinamo” zijadiliwe na kusanifishwa, na “mazingira rafiki” iondolewe katika nyaraka za vyuo. Mkuu wa chuo anayesoma kwamba chuo chake kiwe rafiki anaweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba ni rafiki tayari. Anayesoma kwamba madarasa yake hayafikiki, hana budi kwenda kuyatazama.