"Ufunguo wa Umma": Istilahi Inayofungua Palipotakiwa Kufungwa

Miongoni mwa istilahi anazokutana nazo mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika somo la usimbaji fiche, hatuoni inayopotosha zaidi kuliko "ufunguo wa umma". Dhana yenyewe ilitangazwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman huko Marekani: mtu awe na namba mbili zinazohusiana, moja aitangaze kwa watu wote, nyingine aifiche. Kilichofichwa kwa ile ya kwanza hufichuliwa kwa ile ya pili tu.

Mfasiri alitafuta neno la Kiswahili, akaridhika na "ufunguo". Katika Kiingereza neno hilo halielemei upande wowote; Kiswahili kimekwisha kuamua. Ufunguo watokana na kufungua, kinyume cha kufunga. Basi "ufunguo wa umma" ni kifungulio walichopewa watu wote, ilhali kazi ya namba hiyo ni kufunga!

Tuchukue mfano. Mnunuzi wa dhahabu mjini Geita apeleke makufuli yaliyo wazi kwa wachimbaji wa Nyarugusu na Rwamgasa, naye abaki na ufunguo. Mchimbaji hutia dhahabu sandukuni, hubana kufuli, humkabidhi dereva. Njiani hakuna awezaye kulifungua, hata yeye aliyelibana. Kilichogawiwa watu ni kufuli. Wachimbaji hao, ambao hawakungoja kamati yoyote ili wapate duara, mwalo na karasha, wasingekosea hapa.

Kosa hili lina hasara. Mkazi wa Shinyanga au Kahama amefundishwa tangu pesa za simu zilipoingia, M-Pesa ikiwa mwaka 2008, kwamba namba ya siri haitolewi kwa yeyote. Leo aambiwe, "Ufunguo wako mpe kila mtu." Ama atakataa, ama, vibaya zaidi, atatii na kutoa usiopasa kutolewa.

Wapo wanaopendelea kufumba na kufumbua badala ya kusimba, na "fiche" yake inayoning'inia kama mkia. Jozi hiyo ni ya Kiswahili hasa, nasi twaipenda. Hata hivyo fumbo hufumbuliwa na yeyote mwenye akili, bila kupewa kitu. Auguste Kerckhoffs alikwisha kueleza mwaka 1883 kwamba adui aweza kuijua njia yote, mradi asiupate ufunguo.

Twapendekeza "kufuli la umma". Katika saini za kidijiti, hata hivyo, kufuli halifai: mwenyewe hutia saini kwa namba aliyoificha, na wengine huihakiki kwa ile iliyotangazwa. Hapo "kielelezo" chafaa, kama kile cha saini kiwekwacho benki. Mwandishi wa tasnifu atalalamika kwamba kitu kimoja kimepewa majina mawili, na malalamiko yake ni ya haki, kwani katika milinganyo ni namba moja. Huyo na atumie "namba ya wazi", mradi mwenzake asiitwe "namba ya siri", jina ambalo watu wa simu wamekwisha kulichukua.