Bluzi Haikuwa Chini: Kumsikiliza William Grant Still

Kuna neno moja ambalo William Grant Still alilitumia kueleza simfonia yake maarufu, na neno hilo limenikera tangu nilisome. Alitaka, kwa maelezo yake mwenyewe, kuonyesha kwamba bluzi, muziki uliodharauliwa, unaweza kuinuliwa hadi ngazi ya juu kabisa. Kuinua. Huyu ni mtu mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1895, anaandika Marekani ya 1930, na naelewa vizuri kwa nini alisema hivyo. Wale aliohitaji wampigie kazi yake ndio waliokuwa na okestra, kumbi na pesa, na lugha waliyoizoea ilikuwa ya juu na chini. Hata sisi tunaijua lugha hiyo. Wimbo wa kwenu ukipigwa na fidla ishirini, hakosi mtu wa kumwambia jirani yake kwamba sasa ndio umekuwa muziki.

Lakini wacha maelezo, sikiliza simfonia yenyewe. Inaitwa Afro-American Symphony. Mimi nikiisikiliza simsikii mtu akiibeba bluzi kuipandisha ngazi. Naisikia okestra ikiingia darasani, na mwalimu ni bluzi.

Twende polepole, manake hapa ndipo utamu ulipo. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, vimegawanywa katika mistari mitatu. Mwimbaji anasema jambo. Analirudia. Mstari wa tatu unalijibu au unaligeuza. Kati ya mstari na mstari kuna nafasi, na hapo gitaa au tarumbeta linaingia kumjibu mwimbaji. Ukishasikia bluzi tatu, ya nne unajua inaelekea wapi. Raha iko katika namna mtu anavyofika huko: sauti anayoichelewesha, ile anayoishusha kidogo mpaka inalia kama mtu anayelalamika huku anacheka.

Simfonia ya Kizungu nayo ina tabia zake. Sehemu ya kwanza mara nyingi hujengwa kwa tuni mbili zenye hulka tofauti. Zinatambulishwa, zinavunjwavunjwa, zinapelekwa mbali na nyumbani, kisha zinarudishwa. Kwa ufupi, simfonia inasafiri, bluzi inazunguka. Ndiyo maana watunzi wengi waliojaribu kuzioanisha walichukua rangi ya bluzi tu, zile sauti zilizoshushwa, wakazinyunyiza juu kama dania juu ya supu.

Still alichukua sufuria nzima. Simfonia inaanza na ala moja peke yake, jamaa ya oboe yenye sauti nzito zaidi. (Kama umewahi kusikia nzumari ikipigwa Pwani, ni ukoo huohuo wa ala zinazopulizwa kupitia tete mbili zilizobanwa pamoja.) Inazungukazunguka kama mtu anayejisemea kabla watu hawajaamka. Halafu linaingia tarumbeta lililozibwa mdomo, na linapiga bluzi. Vipimo 12 kamili, mistari yake mitatu, na ala nyingine zinajibu kwenye zile nafasi. Hakuna kilichokatwa ili kutosha kwenye simfonia. Tarumbeta likimaliza, klarineti inaichukua, tena vipimo 12. Kabla dakika chache hazijapita, okestra nzima imelazimika kuhesabu kama bendi ya Memphis.

Tuni ya pili inafanana na zile nyimbo za kiroho zilizotoka kwa watumwa, na ni tamu, lakini angalia inavyotumika. Kwa kanuni, wakati wa kurudi nyumbani tuni ya kwanza ndiyo hutangulia. Still anapindua. Ile ya pili inarudi kwanza, na bluzi inangoja mpaka mwisho, kama mwenye nyumba anayewaacha wageni wamalize kuongea. Huo ni uamuzi wa mtunzi anayejua simfonia ni ya nani. Eti kuinua! Kwani nani amekaa kwenye kiti kikubwa hapo?

Hakuokota ujuzi huu vitabuni. Baba yake alifariki Still akiwa mtoto mchanga, na mama yake, mwalimu, akahamia naye Little Rock, Arkansas. Nyanya yake alimwimbia nyimbo za kiroho, na baba wa kambo akamnunulia santuri za opera. Mama alitaka daktari. Kijana akaenda Wilberforce University kule Ohio kusoma sayansi, akatoka bila digrii (stori ambayo wengi wetu tunaijua bila kusimuliwa), na mwaka 1916 akawa Memphis akimfanyia kazi W.C. Handy.

Handy ndiye aliyechapisha "Memphis Blues" mwaka 1912 na "St. Louis Blues" mwaka 1914. Still alimpigia ala na kumpangia muziki. Kupanga ni kuchukua wimbo uliokuja na sauti na piano tu, kisha kuamua klarineti iseme nini, tromboni inyamaze wapi, bendi yote ilipuke lini. Ni kazi ya fundi, yenye siku ya mwisho na mshahara. Na ukiifanya kwa muda, huwezi kuamini kwamba bluzi ni malighafi iliyokaa porini ikimngoja msomi. Handy alikuwa tayari anaiandika, anaichapisha na kuiuza. Ilikuwa na ofisi.

Baadaye Still akamfuata Handy New York, na mwaka 1921 akakaa kwenye okestra ya Shuffle Along, onyesho la Noble Sissle na Eubie Blake lililotingisha Broadway, akipiga oboe. Alisoma utunzi kidogo kwa George Chadwick huko Boston, halafu kuanzia 1923 kwa Edgard Varèse, Mfaransa aliyependa sauti za kukwaruza na kelele za mji. Kazi za Still za wakati huo zina alama za mwalimu huyo. Ninayoipenda ni Levee Land, nyimbo nne alizomtungia Florence Mills, nyota wa Shuffle Along, zikaimbwa New York Januari 1926 mbele ya watu waliokuja kusikia muziki wa kisasa. Fikiria tu: mwimbaji wa jukwaa la vichekesho na densi, katikati ya hadhira ya wasomi, akiimba mambo yanayonusa bluzi huku ala zikigombana nyuma yake. Mills alifariki mwaka uliofuata. Sijui muziki mwingine wa Still unaothubutu kiasi hicho.

Basi ikafika 1930, akaandika simfonia. Ilipigwa mara ya kwanza Oktoba 29, 1931, na okestra ya Rochester chini ya Howard Hanson. Miaka miwili baadaye okestra ya Chicago ilipiga simfonia ya Florence Price, ambaye, ajabu, naye alikulia Little Rock hiyohiyo. Price aliingiza juba, dansi ya watumwa ya kupiga mwili kama ngoma, mahali ambapo Wazungu huweka sehemu yao ya furaha. Bluzi hakuigusa sana. Kwa familia nyingi za watu weusi wenye elimu na kanisa, nyimbo za kiroho zilikuwa na heshima. Bluzi ilikuwa ya mahali pa pombe. Still alichagua bluzi akijua hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba nyimbo za kiroho zilishachanganyika na za Wazungu, na kwamba bluzi ndiyo iliyokuwa ya watu weusi wenyewe. Unaweza kubishana naye kuhusu historia, lakini ujasiri ulikuwa wa kweli.

Sehemu ya tatu ndiyo itakayokuamsha. Ni ya furaha, ya kuruka, na humo ndani kuna banjo. Banjo ina historia chungu: wazazi wake walikuja na watumwa kutoka Afrika Magharibi, halafu Wazungu waliojipaka masizi wakaifanya ala ya kuwakejeli watu weusi jukwaani. Still anairudisha bila hotuba. Anaikalisha pamoja na fidla na kuipa kazi ya kutunza mdundo. Haipigi solo ya kujitangaza. Inafanya kazi yake kama mtu aliyerudi kwake na kukuta vyombo mahali alipoviacha.

Katika sehemu hiyohiyo kuna noti chache zinazopanda ambazo ukizisikia utasema, ala, si hii ni "I Got Rhythm" ya George Gershwin? Wimbo huo ulitoka mwaka huohuo, 1930, katika onyesho la Girl Crazy. Upande wa Still wanasimulia kwamba yeye alikuwa akizichezea noti hizo tangu siku za Shuffle Along, na kwamba Gershwin alikuwa mmoja wa watazamaji. Mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba msikilizaji wa leo anamsikia Still kisha anamkumbuka Gershwin, hata siku moja si kinyume, na hiyo inatosha kukuonyesha nani alifunguliwa milango. Mwaka 1929 Still mwenyewe alikuwa ameajiriwa kupanga muziki wa Paul Whiteman, Mzungu aliyeitwa mfalme wa jazi. Mfalme juu ya jukwaa, fundi nyuma ya pazia.

Sehemu ya nne inanisumbua. Inaanza polepole, kama wimbo wa kanisa, ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini hapo nahisi lile neno linapenya. Still alizipa sehemu zake nne majina ya hisia, hamu, huzuni, ucheshi na matarajio, na akaziambatanisha na mistari ya mshairi Paul Laurence Dunbar. Ikifika kwenye matarajio, muziki unavaa suti. Mwisho unakimbia kwa nguvu, sawa, ila ni nguvu ambayo ningeweza kuipata kwa watunzi wengine kumi.

Suti hiyo haikuvuliwa tena kirahisi. Simfonia yake ya pili, Song of a New Race, ilipigwa na Leopold Stokowski na okestra ya Philadelphia mwaka 1937. Ni laini, imepigwa pasi, kila ala imekaa vizuri. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta vumbi, lakini wapi. Heshima zilikuwa zinakuja: mwaka 1935 okestra ya New York Philharmonic iliipiga ile simfonia ya kwanza, na mwaka 1936 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza okestra kubwa ya Marekani, pale Hollywood Bowl akiwa na ile ya Los Angeles. Kila heshima ilikuja na bili yake. Mwaka 1939 alimwoa Verna Arvey, mpiga piano Mzungu wa asili ya Kiyahudi, na ilibidi wavuke mpaka kwenda Tijuana, Mexico, kwa sababu sheria ya California haikuruhusu ndoa kama yao. Mwaka 1943 aliajiriwa kwenye filamu ya Stormy Weather, akaacha kazi kwa hasira, asikubaliane na jinsi studio ilivyotaka watu weusi waonekane na wasikike.

Halafu opera. Troubled Island inahusu Haiti na Jean-Jacques Dessalines, mtumwa aliyekuja kuwa mfalme wa nchi huru. Maneno yaliandikwa na Langston Hughes, na Arvey akayamalizia. Still aliingoja jukwaa kwa karibu miaka kumi. Ilipofika New York City Opera Machi 1949, ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni kubwa ya Marekani kuonyesha opera ya mtunzi mweusi. Usiku huo Dessalines aliimbwa na Mzungu, Robert Weede, akiwa amepakwa rangi. Iliimbwa mara tatu, ikafungwa. Still aliamini mpaka uzeeni kwamba wahakiki walimpangia njama. Sishangai. Mtu aliyeahidiwa kwamba akipanda ngazi atapokelewa, akifika juu akute mlango umefungwa, atawaza nini?

Alifariki Los Angeles mwaka 1978. Vitabu vingi vinamwita mkuu wa watunzi weusi wa Marekani, cheo kinachosikika kama cha mwalimu aliyestaafu, na nadhani kimewafukuza wasikilizaji vijana kuliko kilivyowaita.

Kwa hivyo usianze na cheo. Anza na "Frenesi", wimbo wa Alberto Domínguez wa Mexico ambao Still aliupanga mwaka 1940 kwa bendi ya Artie Shaw, ukashika namba moja Marekani. Ni muziki wa kucheza, umelipiwa, hauna jina lake kubwa juu. Sikiliza fidla zinavyoipisha klarineti, zinavyojua wakati wa kunyamaza. Kisha tafuta Afro-American Symphony iliyorekodiwa na okestra ya Detroit chini ya Neeme Järvi. Usiisikilizie kwenye matatu, ule mwanzo ni wa chini mno na makanga atakushinda. Ngoja tarumbeta liingie, halafu hesabu vipimo kwa vidole. Ukifika 12, utasikia klarineti ikianza upya.